Siku Nilikaa Nyuma ya Mamuzele

Kiti yangu pale Baraka, muji wa ku ziwa, ilikuwa kasha ya misumari. Kasha ya mbao, tupu. Mwarabu mwenye magazini, duka ya pale, aliitupa inje, mi nikaiokota, nikaigeuza, nikaiweka ku barza chini ya dirisha, pale radiyo yake ilikaaka. Siku ya Jumapili hakuna muntu mwingine aliikaliaka. Hata bazee. Barza ilijaaka mupaka ku ngazi, bantu bamebanana sawa ndagala, zile dagaa za ziwa, mu kitunga, lakini kasha ilibakiaka wazi, inaningojea mi.

Ninaanza na kasha sababu sikukuwa na kitu ingine mu ule muji. Baba na mama balikuwa juu, mu milima ya Fizi. Siye bantu ba milima tukishuka ku ziwa, bantu ba pale banatuitaka bala-muhogo, na banatuuzia samaki ya jana na kutuapia ni ya leo. Nilishuka kutafuta kazi, nikapata ya kubeba magunia kwa Mwarabu. Ningebakia mubeba magunia tu kama haingekuwa Kifaransa.

Kifaransa hakuna muntu alinifundisha. Masomo niliiacha mapema, nitasema juu ya nini. Nilijifundisha ku makasha. Kila kasha yenye ilishukaka ku meli ilikuwa na maneno, na mi niliyasomaka kwa sauti, gunia ku bega, bantu banacheka. Gazeti zenye balifungia sabuni, nilizikunjua, nikazinyoosha na mukono, nikasoma. Kisha nikaanza kuongea na bashoferi ba kamiyo za Uvira. Nilikosa, bakacheka, nikakasirika, nikarudilia. Bengine bana mwalimu. Mi nilikuwa na hasira, na hasira inafundisha mbiombio.

Basi Mwarabu akaleta radiyo, kubwa, ya batri. Kifaransa yake mwenyewe ilikuwa ya bei tu: ngapi, punguza, hapana. Radiyo ikianza kueleza mupira wa inchi za mbali, bantu balisikiaka kelele sawa kelele ya soko wakati mvua inaanguka. Siku moja nikasema tu, bila kuulizwa, "Anasema kipa ameruka, amekosa." Bantu bakanigeukia. Tangu siku ile nikakuwa kinywa. Radiyo inasema, mi ninageuza, na nikiona maneno iko kavu, ninaweka chumvi kidogo.

Nyuma yangu njo alikaaka rafiki yangu. Ye alikuwa mwana ya ziwa, familia ya Baislamu ba pale pale Baraka, kazi yabo ndagala tangu babu na babu. Barza ilikuwa nyembamba, basi ye alikaaka ku kizingiti ya mulango, nyuma kabisa ya kasha, na magoti yake mbili ilinigusaka mu mugongo. Nikipotea mu maneno, alinisukuma na goti: endelea. Nikikasirika na kutaka kuinuka nipige muntu, alinishika shati. Jumapili mbili shati ilipasuka, na mama yake njo aliishona. Bantu balisemaka, "Hasira ya mutoto wa Fizi iko na kamba, na kamba anaishika mwana wetu." Ilikuwa kweli. Sikukuwa na ndugu Baraka. Nilikuwa na yale magoti.

Mwaka ule, mu kiangazi, mbele kidogo ya mambo ya indépendance, uhuru wetu, kuanza, kukakuwa mashindano ya mupira ya dunia nzima. Balichezea kule Ulaya, mu inchi ya Baswedi. Radiyo ilieleza siku kwa siku, mi ninageuza, na barza ikachagua watoto wake: Brezil. Hakuna muntu aliuliza Brezil iko wapi. Balisikia tu kama kati yabo kuna beusi sawa siye, banapita Bazungu na mupira ku muguu, na Muzungu mwenyewe mu radiyo anabasifu mupaka sauti inakauka. Ile ilitosha. Mu ile miaka siye tulisemaka "ndiyo bwana" ku barabara, "ndiyo bwana" mu mashamba ya pamba, "ndiyo bwana" hata ku ndoto. Kusikia vile ilikuwa sawa kunywa maji baridi. Mi pia nilikunywa. Musifikiri sikuelewa.

Brezil bakashinda mupaka bakafika ku mechi ya mwisho. Na bale bengine benye kufika nani? Baswedi benyewe, benye inchi. Mi njo nilitangaza ile habari, nimekaa ku kasha yangu, saa za magaribi. Mwezi ulikuwa unaanza kukuwa mukubwa, na mwezi ukikuwa mukubwa ndagala haifuate taa, basi bavuvi bote balikuwa ku barza, bure, bana nguvu ya kuongea tu.

Muzee moja, mwenye mitumbwi, baba mukubwa ya rafiki yangu, akapiga mikono juu ya paja. Ye alikuwa na kinywa kali kupita wote. Akasema, "Basi Jumapili tutabafunga bale Baswedi mupaka batafute mama yabo. Na hapa nani iko nabo? Hata muntu moja. Hata mbuzi."

Ile neno, hata muntu moja, ikanichoma.

Lazima nieleze muguu. Nilipokuwa mutoto, kidonda ilikamata muguu yangu ya kushoto. Ikakula nyama mupaka tukaona mufupa. Njo pale niliacha masomo. Munganga wa kwanza akasema ikatwe. Baba akanibeba mu mugongo, akashuka nami mupaka ku disipanseri ya misioni ya Baswedi, kule juu ya kilima, karibu na Baraka. Kulikuwa Muzungu mwanamuke, murefu, hana bwana, siye tunabaitaka bote hivi Mamuzele. Akaangalia, akanusa, akasema na Kiswahili yake ya kitabu: "Ngojeni kwanza." Na akapiga magoti. Kila asubuhi, mwezi kwa mwezi, ule mwanamuke alipigaka magoti mbele ya mutoto wa bala-muhogo, akaosha kidonda na maji ya moto na chumvi. Mi ninamutukana na Kibembe, luga yetu ya milima, ye anaosha. Siku moja nikamupiga na ule muguu wenyewe. Akaosha. Muguu ikapona. Njo ile muguu nilikimbilia nayo mupira pale Baraka, nikacheza nyuma, upande wa kushoto, na hakuna muntu alinipitaka vizuri.

Na kuna kitu ingine, baba yangu alinifundisha. Kwetu, bazee bakikaa mu lubunga, ile nyumba ya banaume, kusikia shauri, kila mwenye shauri anakaa mbele, na bantu bake banakaa nyuma yake, ku mugongo. Habaseme kitu. Banakaa tu. Lakini bazee banaangalia ile migongo kwanza, mbele ya kusikia maneno. Muntu mwenye hana bantu nyuma, hata kama maneno yake iko sawa, amekwisha kufa. Baba alisema: "Muntu mwenye alikuponyesha, siku ya shauri yake usiulize kama iko na haki. Kaa nyuma yake. Haki bazee batajua."

Basi nikasema, "Mi niko."

Muzee akageuka. "We uko nini?"

"Niko na Baswedi."

Barza ikacheka mupaka Mwarabu akatoka kuangalia. Muzee akanishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku. "Muangalie pua. Kumbe muala-muhogo alikuwa Muswedi, na siye tunamuuzia samaki bila kujua."

"Muzee, unajua habari ya muguu yangu."

"Ninajua. Muguu iko ya Mamuzele, sikatae. Lakini ile kinywa inakula ndagala zetu kila siku. Kinywa iko ya nani?"

Bakacheka tena. Hata rafiki yangu alicheka, nilisikia magoti yake inatikisika mu mugongo.

"Kinywa iko yangu," nikasema.

"Sawa. Basi Jumapili itakaa upande gani? Muntu anageuza maneno ya shauri, na roho yake iko ku bale bengine, si atatupa magoli yetu mu ziwa?"

"Unaniita muongo?"

"Sijaita. Ninauliza."

Magoti ikanisukuma: nyamaza. Shati ikashikwa. Lakini mi nilikuwa nimekwisha kuinuka. Nikasema, na kila muntu alisikia mupaka ku ngazi, "Basi mutafute kinywa ingine. Jumapili sitakuwa hapa. Mamuzele iko peke yake kule juu, nitaenda kukaa nyuma yake."

Shati ikapasuka.

Rafiki yangu akanifuata mupaka ku njia ya ziwa, kipande ya shati mu mukono. Tukatembea kidogo. Akasema, "We ndugu, si ungebakia na Baswedi mu roho tu? Nani angeona?"

"Mi roho na kinywa yangu inakaa nyumba moja."

"Na Mamuzele atajua kama uko naye?"

"Haina kazi kama atajua."

"Na mi?"

"We nini?"

"Mi nitakaa nyuma ya kasha tupu?"

"Kalia we kasha. Geuza."

"Kifaransa yangu iko bonzuru na merisi."

"Inatosha. Ongeza kelele."

Akacheka. Mi pia nikacheka. Akanirudishia kipande ya shati, akasema mama yake atashona, na akaenda. Nikafikiri ile maneno imekwisha pale. Sikuona kama alichukua ile kasha sawa kazi yenye nilimupa.

Jumapili ikafika. Saa za kisha kukula, bantu bakaanza kwenda upande wa magazini, bamama na viti, batoto na miwa. Mi nikapita katikati yabo, ninaenda upande ingine. Hakuna muntu alinisalimia. Muzee peke yake, kutoka mbali, alisema, "Wasalimie kwenu." Nikaendelea kutembea. Mungu anajua ginsi nilitaka kurudi. Ule mechi nilikuwa nimeubeba mu kinywa mwezi muzima, na sasa ninaupa mugongo, ninapanda kilima.

Nikamukuta Mamuzele ku barza ya disipanseri, peke yake, ku kiti. Mikono yake ilikuwa ku magoti, wazi, haishike kitu. Ile ikaniogopesha kidogo. Sikuwahi kuona mikono yake bila kazi. Nyumba za misioni zilikuwa kimya, bantu ba kanisa bamekwisha kurudi kwabo, na vitanda vya disipanseri vyote tupu. Alikuwa ameanza kukuwa na nywele nyeupe.

"Unaumwa?" akaniuliza.

"Hapana, Mamuzele."

"Nyumbani wanaumwa?"

"Hapana."

"Basi umekuja kutafuta nini?"

"Nimekuja kukaa nyuma yako."

Nikapita, nikakaa chini, ku ukuta, nyuma ya kiti yake, namna baba alinifundisha. Yeye akageuza kichwa, akanitafuta.

"Kuna shauri gani?"

"Shauri ya Swedi na Brezil."

"Swedi ina shauri?"

"Ya mupira. Leo njo ya mwisho. Banachezea kule kwenu, sasa hivi, na dunia nzima inasikiliza."

Akasema polepole, "Siku ya Bwana wanacheza mpira?"

Na nikaona uso yake inafunga. Bale ba misioni yake, siku ya Jumapili hata kukata kuni ni zambi. Mupira ni zambi mara mbili. Ilikuwa mara ya kwanza anasikia juu ya ile mashindano. Mwezi muzima inchi yake inashinda, siye ku barza tunajua kila goli, na ye hajui kitu. Na nilipomuambia, alisikia haya juu yabo.

Nikakaa pale. Nifanye nini? Nimetukana bantu kumi, ishirini, nimeacha kasha, nimeacha rafiki, nimekuja kukaa nyuma ya muntu mwenye haangalie hata mbele. Lakini kukaa ni kukaa. Mu lubunga hauinuke sababu mwenye shauri amelala.

Pale kilimani ilikuwa namna hii: unaona mabati ya magazini chini, inametameta, na unaona ziwa, na milima ya ngambo, lakini bantu habaonekane. Sauti yabo tu njo inapanda, na upepo. Na siku ile nilitega masikio sawa mbwa.

Kidogo tu, kelele ikapanda. Kubwa. Ngoma, bamama na vigelegele, kila kitu. Moyo yangu ikaanguka, nikakunja kidole moja, kuhesabu.

"Ni nini hiyo?" Mamuzele akauliza.

"Bamekufunga."

"Mimi hawajanifunga."

"Bamefunga Swedi, Mamuzele. Mapema hivi."

Kisha kelele ikanyamaza gafula, sawa muntu amefunika chungu. Nikashangaa kidogo. Kisha muda, kelele ingine. Nikakunja kidole. Kisha kimya murefu, kisha ingine tena.

Ni pale njo niliona ubaya wa ile nafasi nilichagua. Kama Brezil banafunga, nitasikia. Kama Baswedi banafunga, nani atapiga kelele? Goli ya Baswedi haina sauti pale Baraka. Itaanguka sawa jani. Mi nimekaa mahali habari mubaya tu njo inaweza kufika, na habari muzuri, kama iko, inapita mbele ya masikio yangu na siijue. Basi nikaanza kusikiliza kimya. Kila kimya ikikuwa murefu, nilisema mu roho: labda pale, labda sasa hivi bamefunga. Nilisikiliza kimya mupaka masikio ikauma.

Mamuzele akasema, bila kugeuka, "Kule kwetu mwezi huu jua halilali."

"Halilali namna gani?"

"Linashuka kidogo nyuma ya miti, linarudi. Baba yangu alifunga madirisha kwa blanketi nyeusi ili tulale. Mimi nilichungulia."

"Na bantu banafanya nini na ile jua yote?"

"Hakuna watu wengi. Ni msitu. Jirani alikuwa mbali. Wakati mwingine tulikaa siku nyingi bila kuona mtu. Niliposema nitakuja huku, baba hakusema kitu. Alitoka kukata kuni."

Nikawaza ule mwanamuke, mutoto, anachungulia inje, na inje kuna jua tu. Hata kwabo hakukuwa na bantu nyuma yake.

Kelele ingine ikapanda, na kisha kidogo ingine tena. Nikakunja vidole, na nadhani nililaani, juu aligeuka na kuniangalia.

"Yule rafiki yako wa dagaa," akasema, "yule aliyekuja nawe mwaka jana, mkono umekatwa na kamba. Yuko wapi?"

"Chini. Ku radiyo."

"Umemwacha?"

"Kwa ajili yako."

"Nani alikuomba?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza tu, sawa anauliza kidonda imeanza siku gani. Lakini mi damu ikapanda. Nikamujibu, na sauti niliyonayo mupaka leo, yenye bantu banasema iko ya kugombana hata nikisalimia: "Na we, nani alikuomba ushike muguu yangu?"

Kimya. Hata chini, kimya.

Mamuzele akageuza kiti yake. Akasema, "Lete mguu."

Nikanyoosha muguu ya kushoto. Hakupiga magoti, alikuwa amezeeka kwa ile, aliinama tu. Akabonyeza kovu na kidole gumba, chini, katikati, juu, namna alifanyaka zamani.

"Inauma?"

"Hapana."

"Wakati wa mvua?"

"Kidogo."

"Vema," akasema. Na hakurudisha kiti. Akabakia vile, ananiangalia, na mi sikukuwa tena nyuma yake, nilikuwa mbele. Sikujua kama ile inahesabika.

Kelele ya mwisho ilikuwa kubwa kupita zote, na haikuisha, ikageuka ngoma. Nikajua imekwisha. Mamuzele akainuka, akasema kesho ni kazi, nipeleke salamu kwa mama yangu. Akaingia ndani. Nikashuka.

Pale barza hakukuwa tena bantu bengi. Ngoma ilikuwa imehamia ku ziwa, bamama banacheza mu muchanga. Rafiki yangu alikuwa ku ngazi, peke yake, kichwa chini. Ku kasha yangu alikuwa shoferi moja wa Uvira, mafuta ya kamiyo ku suruali, amelala usingizi na mudomo wazi.

"Ngapi?" nikauliza.

"Tano kwa mbili." Sauti yake ilikuwa imekauka. Haikukuwa sauti ya muntu mwenye ameshinda.

"Mbili? Swedi bamefunga mbili?"

"Benyewe njo balifunga kwanza."

Nikamuangalia. Akanieleza, macho chini ku bulongo. Alikaa ku kasha, alisema kama nimemuachia kazi. Radiyo ikaanza, ye akageuza: anakimbia, anapiga, anaanguka. Maneno ya bure, lakini bantu balikubali. Mara Muzungu wa radiyo akalia sawa nyumba inaungua, na ye akaruka juu, akasema, "Brezil." Barza nzima ikaruka. Baba yake mukubwa alicheza mupaka kofia ikaanguka. Na pale pale ule shoferi, mwenye alisimamisha kamiyo atafute maji, akauliza bantu banashangilia nini, juu ni Swedi bamefunga.

Njo ile kelele ya kwanza. Njo ile yenye iliniangusha moyo kule juu, nikakunja kidole. Ilikuwa yetu. Ilikuwa goli yangu, Baraka nzima inaipigia vigelegele, na mi ninailia.

"Muzee alisema nini?" nikauliza.

"Alisema mbele ya wote: muala-muhogo ametukimbia, na kwa nafasi yake ametuachia mujinga wa nyumba yangu mwenyewe. Bantu bakacheka. Shoferi akaniambia niinuke."

"Ungemupiga."

"Mi sipigake bantu. We njo unapigaka."

Sikuomba akae ku kasha, nilitania. Na najua namna hiyo inasikika sawa "nani alikuomba." Nikanyamaza. Kwa mi ile ni kitu kubwa.

Akainuka. "Muzee alipokuwa anasema," akasema, "nilinyoosha magoti. Sawa siku zote. Hakukuwa mugongo."

Akashuka ngazi, akaenda upande wa ziwa, lakini si kwenye ngoma. Shati yangu ilikuwa imekunjwa pale ku ngazi, imeshonwa vizuri. Mama yake alikuwa ameishona mbele ya mechi kuanza.

Bantu banaweza kufikiri ninasema nilikosa. Hapana. Shauri ya Mamuzele ikirudi leo, nitapanda ule kilima tena, hata kama atanifunga mulango. Muguu ni muguu. Lakini baba yangu hakunifundisha muntu anafanya nini akiwa na bantu babili, na mugongo moja. Nilipopanda Fizi nikamuuliza. Alikuna kichwa, akasema mu lubunga shauri haziendake mbili siku moja.

Muzee alinisamehe mbiombio, kisha wiki moja alikuwa tayari ananiita Muswedi na kunitupia samaki bure. Muntu wa kinywa kali hasira yake haikae. Mamuzele alirudi kwabo mu vurugu za kisha indépendance, na hakuna muntu alinijulisha mupaka nilikuta disipanseri ina bantu bengine. Na rafiki yangu hakunikatalia salamu hata siku moja. Tulisalimiana, tuliulizana habari ya mama. Mwezi ulipopunguka akaenda ku ziwa na benzake, na uliporudi kukuwa mukubwa alikuja ku barza na bengine, akakaa ku ngazi, chini kule, pamoja na bale benye banakuja kusikia tu.

Kasha walinirudishia. Jumapili inayofuata ilikuwa wazi, inaningojea, hakuna muntu aliigusa. Nikakaa. Mwarabu akafungua radiyo, bantu bakanyamaza, nikaanza kugeuza. Mu katikati nikapotea neno moja, ndogo tu. Nikangoja goti. Upepo wa ziwa ukapita mu mulango wazi, nikasikia baridi ku mugongo mupaka ku shingo, na bantu bakauliza, "Anasema nini? Anasema nini?"